Neno Chini ya Wino

Burbank, California
8 Februari 1999

Shangazi Idella mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye jua. Natumai baridi ya Astoria haijakuingia magotini, na kwamba wewe na yule jirani mwenye jogoo bado mnagombana vizuri. Sisi wazima. Tess yuko mwaka wa pili chuoni na nywele kazipaka rangi ya kijani. Anasema ni ya muda tu, nami naomba iwe hivyo. Mbwa Biscuit kanenepa mpaka aibu. Lyle anakusalimu sana, yuko hapa mezani anamenya chungwa, anasema nikuambie uache ubishi uhamie kwetu.

Ningekupigia simu, ila najua utaniambia sauti yangu ni mbu ndani ya kopo. Basi soma taratibu.

Tumeletewa "Bi. Hartwell Hayupo". Ndiyo, filamu yako! Nakala yenyewe ya mwaka 1951, ile iliyozaa nakala nyingine zote, imepatikana ghalani Kansas, na wenye nayo wanataka itoke kwenye diski msimu wa vuli ili watu waitazame sebuleni kwao. Lyle anasafisha picha, mimi nasafisha sauti, chumba kwa chumba kama kawaida yetu. Kutoka kwa wenye filamu anakuja mama mmoja, Priscilla Mott, kila wiki, na maua ya mezani. Siku nzima tunamtazama Bwana Hartwell akimdanganya mkewe, na mkewe akijifanya naye ana bwana wa pembeni, na bado tunacheka ingawa tumeshaona mara mia.

Mikwaruzo yote naiweza. Unajua nafanyaje? Nikikata mkwaruzo siwezi kuacha tundu. Kila chumba kina ukimya wake, na ukitia ukimya wa chumba kingine, sikio linashtuka hata kama mwenye sikio hajui kwa nini. Kwa hiyo nachota ukimya uleule wa chumba kile, nyuma kidogo, naziba nao. Hapo hakuna anayegundua.

Kuna pahali pamoja pamenishinda. Mwisho kabisa, mume amerudi, kasimama mlangoni, kofia mkononi. Kamera iko usoni kwake, mke tunamsikia tu. Anasema, "Bwana Hartwell! Nimekusa—" halafu kimya, mume anafumba macho, filamu imekwisha. Nakala zote ziko hivyo. Watu wanabishana tangu sijazaliwa: alisema nimekusamehe au nimekusahau?

Wewe ulikuwepo. Ulikaa kando ya kamera na karatasi zako. Niambie neno hilo, Shangazi, nikufanye maarufu uzeeni.

Wako,
Corinne


Astoria, Oregon
1 Machi 1999

Corinne mwanangu,

Barua imefika, imeloa pembe moja, mtu wa posta anasema si kosa lake. Mvua hapa haijakata tangu Krismasi. Magoti yanauma lakini bado yananipeleka dukani. Jogoo kafa, Mungu amlaze pema, sasa jirani analeta mayai na tunasalimiana kama watu wazima, nami naona maisha yamekosa chumvi. Mwambie Tess kijani kinamfaa mtu mweupe kama sisi, tutaonekana wazima kidogo. Mwambie Lyle nimesikia, ila Burbank nilishaishi na nikaondoka kwa hiari yangu.

Kuhusu "Bi. Hartwell": mambo ya miaka karibu hamsini hayo! Leonora Vance, aliyecheza Bi. Hartwell, alikuwa na sauti nzuri na miguu mibaya. Bwana Kessling, mwelekezaji, alikuwa akila vitunguu vibichi kabla ya matukio ya mabusu, makusudi, ili watu wasikawie. Hilo nakumbuka.

Neno hilo nimesahau.

Kula vizuri. Barua yako ina mkono wa mtu asiyelala.

Shangazi yako,
Idella


Burbank
19 Machi 1999

Shangazi mpendwa,

Pole ya jogoo. Huku salama. Tess ana mitihani. Biscuit tumemwekea chakula cha kupunguza unene, naye ananuna.

Umeandika "nimesahau". Hilo ni jibu au ni udhuru? Maana wewe ndiye uliyeniambia, siku ya harusi yangu, kwamba vikuku vya bibi nilivivaa mkono wa kulia kanisani na wa kushoto ukumbini. Mtu wa namna hiyo hasahau neno la mwisho la filamu.

Mambo yamekuwa ya haraka. Priscilla anataka mwezi wa sita kila kitu kiwe mikononi mwake. Ana wazo lake: atafutwe mwigizaji mwenye sauti ya Leonora, aseme "nimekusamehe", niipachike pale. Nikamwambia, "Huo ni uongo." Akasema, "Mpenzi, hii ni filamu ya kuchekesha, watu wanataka kwenda kulala wana furaha." Wote mezani wakakubali.

Tafadhali, Shangazi. Ukisema ni "kusamehe" nami nitaridhika, nitapachika kwa moyo safi.

Corinne


Astoria
2 Aprili 1999

Corinne,

Mimi mzima, mvua nzima, jirani mzima. Nimepanda viazi.

Lyle yuko wapi?

Barua ya kwanza alikuwa mezani anamenya chungwa. Ya pili kuna Tess, kuna mbwa, kuna hata chakula cha mbwa. "Wote mezani wakakubali," umeandika. Wote ni akina nani? Wewe mtu wa kutaja majina.

Mwanangu, kazi yangu ilikuwa kuona. Glasi ilijaa nusu kabla hatujasimamisha kamera, inarudi imejaa robo, mimi napiga kelele. Pete ilikuwa kidoleni, sasa haipo, napiga kelele. Waigizaji walinichukia kweli kweli, lakini hakuna filamu yangu iliyotoka na kasoro.

Nikuulize tena: Lyle yuko wapi? Ukinijibu hilo, nami nitajibu lako.

Idella


Burbank
28 Aprili 1999

Shangazi,

Salamu. Samahani nimechelewa, kazi nyingi.

Sikujua kwamba nikikuandikia barua ya kazi natakiwa niite majina kama mwalimu darasani. Lyle mzima kabisa. Anakusalimu sana sana, anasema anakumbuka ile pai yako ya tufaha na ana hamu nayo. Tuna mpango wa kwenda ziwani mwezi wa saba.

Umeridhika? Sasa neno langu, tafadhali. Si mchezo huu. Ni kazi yangu.

Corinne


Astoria
6 Mei 1999

Mwanangu Corinne,

Lyle hali pai. Mara zote mlizokuja alisukuma kipande chake chini ya meza, Biscuit akala, naye akapangusa mdomo na kusema "tamu sana, Shangazi." Alidhani sioni. Nilimpenda kwa hilo, alikuwa anajitahidi.

Wala sikuoka ya tufaha. Naoka ya beri nyeusi, wewe wajua, umeichuma mwenyewe vidole vikawa vya zambarau.

Njia ya mwongo ni fupi. Uliniambia mwenyewe: huwezi kuziba tundu kwa ukimya wa chumba kingine. Sikio limeshtuka, Corinne. Sikio langu bovu hili hili.

Sikukasirikii. Naogopa tu. Niandikie.

Shangazi


Burbank
23 Mei 1999

Shangazi yangu,

Tess mzima. Hajui kitu. Mbwa mzima. Mimi si mzima.

Nimeanza barua hii nikaichana, nikaanza tena. Acha niseme tu.

Mwezi wa pili, siku chache baada ya kukuandikia mara ya kwanza, Lyle aliacha ujumbe kwenye mashine ya simu ya nyumbani. "Mpenzi, bado niko karakana, picha ya tukio la hotelini inanisumbua, kula usinisubiri." Maneno ya kila siku. Nilikuwa navua viatu. Nikasimama na kiatu kimoja mkononi, maana nyuma ya sauti yake karakana haikuwepo.

Karakana yetu ninaijua kama sauti ya mama. Ina feni yenye mlio wa chini, ina taa inayolia kama nyuki mmoja. Nyuma ya Lyle palikuwa na zulia nene, palikuwa na saa kubwa ya ukutani inayochechemea, tik, halafu tak inachelewa. Na nje kabisa palikuwa na pampu ya bwawa la kuogelea. Sisi hatuna bwawa, Shangazi. Mtaa wetu wote hauna.

Na kibaya zaidi, ukimya ule nilishausikia. Mwaka jana tulikwenda kumhoji mzee mmoja wa filamu za zamani, mahojiano yakafanyika nyumbani kwa Priscilla Mott, kule mlimani. Nikafanya kama tunavyofanya wote: tukimaliza, naomba kila mtu anyamaze, narekodi chumba kitupu, ili baadaye niwe na kiraka. Viraka vyangu vyote ninavyo rafuni. Nikachukua kaseti ya mashine ya simu nikaenda nayo kazini asubuhi, nikaweka kimoja sikio hili, kingine sikio lile. Saa ileile. Tak ileile inayochelewa.

Sikulia. Nilizima mashine, nikaenda kusafisha kicheko cha Leonora Vance mpaka saa ya chakula. Lyle akaniletea supu. Nikasema asante.

Tangu hapo nasikia tu. Anavua viatu, nasikia changarawe za barabara ya mlimani kwenye soli. Ananiita mpenzi, nasikia anavuta pumzi kabla. Nimekuwa mtu wa kusikiliza mume wangu kama mkanda ulioharibika. Yeye hajui kwamba najua. Kila wiki Priscilla anakuja na maua yake, anaketi kati yetu, tunatazama ndoa ya watu wengine ikivunjika tunacheka. Na mimi nacheka! Nawachukia wote wawili, najichukia mimi kwa kucheka.

Nilikuwa nimejiambia hivi, nawe utaniona mjinga: kama Bi. Hartwell alisamehe, nami nitanyamaza, tutakwenda ziwani, yatapita. Kama alisahau, basi. Ndiyo maana nilikusumbua vile. Haikuwa kazi. Ilikuwa mimi.

Kuna jambo jingine. Juzi nimeweka ule ukanda wa filamu, pale sauti ilipochorwa kama mstari kando ya picha, chini ya kioo cha kukuzia. Tundu lile si la uchakavu. Kingo zake zimenyooka, na rangi imekaa juu ya filamu, imekauka kama gamba. Ni wino, Shangazi. Mtu aliketi na brashi akaliziba lile neno kwa mkono wake. Ulijua?

Jibu lako nalisubiri kuliko unavyodhani.

Corinne


Astoria
1 Juni 1999

Mwanangu, mwanangu,

Nimesoma barua yako nimesimama jikoni, chai ikapoa. Pole. Sina neno kubwa zaidi ya hilo. Yule kijana niliyemwona akimlisha mbwa pai! Ningekuwa na magoti ya zamani ningekuja kumchapa kwa mwavuli, na yule wa maua ningemchapa kwa maua yake.

Ndiyo, nilijua ni wino.

Siku ile karatasi ilisema "nimekusamehe". Ofisi ya maadili ya filamu ilikuwa imeshapitisha kila mstari, na mke kwenye filamu alitakiwa asamehe, kama vile jua linavyotakiwa lizame. Mchana, wakati wa chakula, kuna mtu alimnong'oneza Leonora jambo kuhusu mumewe mwenyewe. Ni nani, ni jambo gani, sisemi, wameshalala wote. Akarudi, akapakwa poda upya, kamera ikawashwa, akasema mstari wake. Basi ukumbi mzima ukanyamaza. Mafundi wa taa juu kule wakanyamaza. Kessling akasahau kusimamisha kamera. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu na sikuandika chochote.

Walimwomba arudie. Akasema, "Nimeshasema," akaenda kuvua viatu. Hakurudia, hata walipomtishia mkataba. Basi wakaleta mzee mmoja na chupa ya wino.

Sasa umenikasirikia, maana bado sijakuambia ni lipi. Sikuambii. Najua tulikuwa na ahadi, nami naivunja mbele ya macho yako. Toka barua yako ya kwanza nilinusa kwamba huulizi kwa ajili ya diski. Ningekuambia neno, ungelivaa kama nguo ya mtu mwingine, na miaka kumi baadaye ungekuja kuniuliza kwa nini linakubana.

Unadhani mimi na mume wangu Floyd tulikuwa njiwa wawili. Kila mtu alidhani hivyo, na nilihakikisha wanadhani. Nilimsamehe Floyd kila Ijumaa, miaka ishirini na sita, kwa sababu kila Ijumaa alirudi na jambo la kusamehewa. Nilikuwa na macho ya kuona kila glasi iliyosogea kwenye filamu za watu, nyumbani nikafumba. Sikuambii nilikosea. Nakuambia tu kwamba hakuna siku niliyokaa nikajiuliza mimi mwenyewe nataka nini. Wewe jiulize.

Wino huo ulikuwa wa maji, haukuwa mzuri. Utatoka.

Osha, mwanangu. Halafu usikilize mwenyewe.

Shangazi yako,
Idella


Burbank
21 Juni 1999

Shangazi mpendwa,

Salamu kutoka kwenye joto. Magoti hayajambo? Viazi vimetoka? Tess amerudi likizo, nywele sasa za buluu, nimeshamweleza yote, akalia halafu akanipikia mayai yakaungua. Biscuit kapungua kidogo, nadhani ni kwa huzuni.

Nilikukasirikia siku mbili nzima. Ya tatu nikaosha.

Nilitumia pamba na maji ya uvuguvugu, kidogo kidogo. Wino ukatoka mweusi, halafu wa kahawia, halafu ukaisha. Nikafunga mlango nikavaa vifaa vya masikio. "Bwana Hartwell! Nimekusahau."

Analisema kwa upole, Shangazi! Miaka yote nilidhani likiwa hilo litakuwa limesemwa kwa ukali. Analisema kama mtu aliyetoka kuamka, anashangaa kwamba asubuhi imefika. Na baada yake kuna ukimya, wenyewe, wa ukumbi wenu. Nikasikia mtu anaweka kalamu chini. Nadhani ni wewe.

Alhamisi Priscilla akaja kukagua. Tuliketi watatu. Nikawasikilizisha. Lyle akatazama viatu vyake.

Priscilla akasema, "Hapana, hapana. Hili linaharibu filamu. Rudisha kama tulivyopanga, weka nimekusamehe. Watu wanataka kusamehewa."

"Watu gani?" nikamwuliza.

"Watu! Watazamaji."

"Siwezi. Kiraka lazima kitoke chumba kilekile."

"Corinne, wewe na vyumba vyako. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Chumba chako nakijua, Priscilla. Chenye saa inayochechemea na pampu ya bwawa. Ninacho hapo rafuni, cha mwaka jana. Na ninacho kingine cha Februari, kilikuja kwa simu."

Lyle alielewa kwanza. Nilisikia pumzi yake ikikatika. Priscilla akachukua mkoba wake, akasahau miwani. Mlangoni akasema diski itoke ninavyotaka, yeye hana muda wa kubishana. Itatoka na neno la Leonora. Mwambie jirani yako anunue, wewe huwezi kusikia, utaona tu ile sura ya mume anapofumba macho. Sasa inaeleweka.

Lyle alilala kwa kaka yake. Jumamosi mchana alikuja kuchukua nguo. Hakutumia ufunguo, alibisha hodi. Nilipofungua alikuwa amesimama na kofia yake ya besiboli mkononi, anaizungusha, na hakujua kabisa amesimama kama nani. Sikucheka. Nilimpenda mtu huyu miaka ishirini na moja, Shangazi, na bado nampenda, nisikudanganye.

Akasema, "Corinne, sina la kujitetea. Naomba kitu kimoja tu. Umenisamehe?"

Nilikuwa nimejiuliza, kama ulivyoniambia. Nilijiuliza siku zote zile, nikiosha vyombo, nikiendesha gari. Neno la Leonora ni zuri, lakini ni lake, lilitoka tumboni mwake siku ile. Mimi sijasahau hata tak moja ya saa ile na sitasahau. Na sitaki kuishi na mtu ninayemsikiliza soli za viatu.

Nikamwambia, "Nimekusamehe, Lyle. Ufunguo uache mezani."

Akauacha. Sauti ya ufunguo juu ya mbao naijua sasa, nayo nimeiweka pamoja na viraka vyangu. Halafu nilikaa na nyumba ikanyamaza, nikasikiliza. Ni ukimya mgeni. Sijauzoea, lakini ni wa chumba hiki.

Ziwani sitakwenda. Mwezi wa saba nakuja Astoria na Tess, beri zitakuwa zimeiva, tutachuma mpaka vidole viwe vya zambarau. Tutandikie popote.

Tess anakusalimu. Biscuit anakusalimu. Wanaokusalimu ndio hao.

Corinne